Sura ya Sita: Shingo na Taya la Kijana Mwenye Simu

Mvua ya Agosti mjini Kakamega ina desturi ya kungoja adhuhuri ipite, ndipo imwagike; na vijana waliorudi likizo kutoka shule za bweni, ambao asubuhi ungaliweza kuwaona wakifukuzana na mpira karibu na uwanja wa Bukhungu au wameketi majanini katika bustani ya Muliro, alasiri hukusanywa na mvua hiyo ndani ya nyumba za Amalemba na Lurambi, kila mmoja na simu yake au ya mama yake. Waya wa kuchajia ni mfupi na soketi iko chini ukutani. Basi yule ambaye chaji yake inakaribia kwisha hujikunyata sakafuni kando ya soketi, magoti juu, simu mapajani, kidevu kifuani, akadumu katika hali hiyo mpaka aitwe kula chakula cha usiku. Mzazi apitaye hapo husema neno ambalo wazazi wote wa zama hizi ni kama wamekubaliana kulisema, kwamba mtoto huyo atavunjika shingo. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake na imetiwa chumvi pia, na kazi ya sura hii ni kuupima ukweli na kuipunguza chumvi. Kisha kukitazama kiungo ambacho mzazi hakitaji kamwe katika karipio lake, ingawa hushiriki taabu za shingo kila siku, nacho ni taya.

Msafiri ashikaye njia ya Kisumu hupita Ilesi, na hapo huliona jiwe lilialo, ambalo wenyeji huliita Ikhongo Murwi: nguzo ya mwamba iliyosimama wima, na juu ya nguzo bonge la jiwe lililotulia bila ya kushikwa na kitu ghairi ya uzito wake wenyewe. Kichwa cha binadamu kimewekwa juu ya shingo kwa mfano huo, lakini nguzo ya shingo haikuchongwa kwa kipande kimoja. Ina pingili 7, idadi ile ile aliyopewa twiga, nazo zimepangwa kwa mpindo mwepesi uelekeao mbele, zikatenganishwa kwa gegedu, zikafungwa kwa kano, zikazungukwa na misuli ishikayo kisogo, mbavu, mabega na mtulinga. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4.5 hadi 5 hivi, na cha kijana wa miaka 15 kinakaribia kadiri hiyo. Uzito huo haukulala katikati kamili ya nguzo. Umeelemea mbele kidogo, na kwa sababu hiyo misuli ya ukosi haipumziki kabisa maadamu mtu yu macho, na abiria asinziaye ameketi wima katika matatu ya Mumias aghalabu hudondosha kichwa kifuani.

Mtu akiinama kutazama simu, kichwa huondoka juu ya nguzo na kuning'inia mbele yake, na misuli ya ukosi hulazimika kukivuta kwa nguvu iliyo kubwa kuliko uzito wenyewe, kwa kuwa misuli imeshika karibu na nguzo na kichwa kiko mbali. Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, tabibu mpasuaji wa uti wa mgongo huko New York, alitoa hesabu ambayo tangu hapo imezunguka dunia nzima: kichwa kikiwa wima shingo hubeba kilo 5, kikiinama digrii 15, mzigo huwa kilo 12, digrii 30, kilo 18, digrii 45, kilo 22, na kikifika digrii 60, ambayo ndiyo hali ya kijana wetu kando ya soketi, kilo 27. Hesabu hiyo ilitolewa kwa kielelezo cha kompyuta, wala hapana shingo ya mtu hai iliyopimwa. Hata hivyo mwelekeo wake haupingiki, kwa sababu ni kanuni ya mizani na wenzo ambayo kila fundi wa ujenzi anaijua. Kosa la wengi walioinukuu ni kudhani ya kuwa mzigo na madhara ni kitu kimoja.

Kwamba si kitu kimoja, ushahidi hauko mbali nasi. Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wao juu ya wanawake wa Kenya wabebao mizigo: Wajaluo wanaoitweka kichwani, na Wakikuyu wanaoining'iniza mgongoni kwa ukanda upitao juu ya paji la uso. Walipima pumzi zao wakitembea na mzigo na bila ya mzigo, wakaona jambo lililowastaajabisha wataalamu wa kila bara: mzigo usiozidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili haukuongeza hata chembe ya oksijeni iliyotumika, ilhali askari apandishaye shehena mgongoni hulipia kila kilo. Tusilipindue jambo hilo likawa sifa tupu. Uchunguzi ule ulipima pumzi, haukupima maumivu, na wako akina mama wengi ambao kuni na madebe ya maji yamewaachia shingo zisizogeuka. Lakini mwanamke wa Ilesi atokaye kwa wafinyanzi na chungu utosini, akienda kwa mwendo ule wa madaha ambao mshairi yeyote wa pwani angaliusifu, hubeba kwa pingili zilizopangika moja juu ya nyingine, huku mwili wake wote ukienda na kubadilika kila hatua. Kijana wetu habebi kitu zaidi ya kichwa chake mwenyewe, naye huumia, kwa kuwa amekikalisha mahali pasipo nguzo na hakukisogeza kwa muda wa saa mbili.

Kila chombo cha mawasiliano kimekuja na maradhi yake, na kila maradhi yamekuja na uvumi wake. Mwanzoni mwa karne ya ishirini makarani wa telegrafu wa Uingereza walishikwa na mkazo wa mkono uliowazuia kugonga mtambo, hata serikali ikaunda kamati, nayo mwaka 1911 ikatoa ripoti iliyolaumu uchovu wa misuli pamoja na dhiki ya nafsi, jambo ambalo tutalirudia. Simu nayo ikapata uvumi ulio mkubwa zaidi. Mwaka 2018 wataalamu wawili wa Queensland, Australia, walichapisha habari ya vijana walioota kishungi cha mfupa nyuma ya kisogo, wakakihusisha na kuinamia simu. Mwaka uliofuata magazeti ya dunia yakaandika kwamba vijana wameanza kuota pembe. Pembe hazikuwako. Kishungi hicho cha mfupa ni cha maumbile, wengine wanacho kikubwa na wengine kidogo. Wachunguzi wenyewe hawakuwa wamepima ni nani atumiaye simu na kwa muda gani, na makala yao ikatolewa masahihisho.

Walio watulivu zaidi walikwenda kuwapima vijana wenyewe. Huko Perth, Australia, vijana zaidi ya 1,000 wa umri wa miaka 17 walipigwa picha kwa ubavu na kupangwa makundi kwa namna wanavyokaa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 hayakuonyesha kwamba waliochomoza kichwa mbele waliumwa shingo au kichwa kuliko waliokaa wima. Huko Rio de Janeiro, Brazili, vijana wa miaka 18 hadi 21 walichunguzwa wakishika simu zao, na mwaka 2018 ikatangazwa kwamba kuinama kwao hakukuafikiana na maumivu yao. Katika uchunguzi wa Perth mlikuwa na jambo jingine ambalo magazeti hayakulijali, nalo kwa maoni yangu ndilo lenye thamani kuliko yote: wale waliokaa wamekunjamana, kifua kimezama na kichwa kimekwenda mbele, walionekana kuwa na dalili za sonono zaidi ya wenzao. Mtoto aliyeshika tama usiku kucha mbele ya kioo cha simu huenda ana jambo linalomla moyoni, na kumwambia anyooshe mgongo ni kumjibu swali ambalo hakuuliza.

Basi maumivu hutoka wapi, maana yapo, na vijana hawayatungi? Kwanza hutoka katika kutojisogeza. Msuli uliokazwa kidogo kwa muda mrefu huibana mishipa yake yenyewe ya damu, ukachoka pasipo kufanya kazi yoyote ya kuonekana. Na kano zilizovutwa bila ya kuachwa hulegea kidogo kidogo, zikaiachia misuli mzigo wote. Pili hutoka katika kuzidisha ghafla, na hapa mwanafunzi wa Kakamega ana hali yake peke yake. Shule nyingi za bweni haziruhusu simu. Muhula mzima shingo yake huinamia daftari na dawati, hasa katika saa za maandalio ya usiku, lakini kengele humwinua, mpira humwinua, na foleni ya chakula humwinua. Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka hufika, naye hulipiza katika majuma machache kila alichonyimwa kwa miezi mitatu, na hakuna kengele. Mwili wa binadamu huzoea karibu kila mzigo ukiongezwa kwa taratibu, na hulalamika karibu juu ya kila mzigo ukitupwa juu yake kwa siku moja. Wazazi watakumbuka pia mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya Korona na wanafunzi wengi wasirudi madarasani mpaka Januari 2021. Kwa kitambo hicho simu iligeuka darasa, na mzazi aliyezoea kuinyang'anya akawa ndiye ainunuaye kwa malipo ya mdogo mdogo.

Jambo la tatu ni usingizi. Kijana ahitaji saa 8 hadi 10 za kulala, na simu iliyowekwa chini ya blanketi humla mbili au tatu kati ya hizo. Mwili usiolala huhisi maumivu kwa ukali zaidi, jambo ambalo mama yeyote aliyeuguza mtoto usiku tatu mfululizo anaweza kulishuhudia katika mgongo wake mwenyewe.

Sasa tulitazame taya. Msomaji na akae wima kitini, agonganishe meno yake taratibu mara chache, na kuangalia ni wapi yanapokutana kwanza. Kisha ainue uso kama atazamaye dari, agonganishe tena: ataona magego ndiyo yanayotangulia. Ainamishe kidevu kuelekea kifuani, na mgongano utahamia mbele. Taya la chini halikupigiliwa misumari katika fuvu. Limetundikwa kwa misuli na kano, likaegemea viungo viwili vidogo vilivyo mbele ya masikio, na kila kichwa kinapobadili mkao, nalo hubadili mahali pake pa kupumzikia. Chini yake, juu ya kikoromeo, upo mfupa mdogo uliopinda ambao haukuungana na mfupa mwingine wowote mwilini, nao umevutwa juu na misuli itokayo tayani na ulimini, na kuvutwa chini na misuli ishukayo mpaka kidari na bega. Kwa njia ya mfupa huo shingo na taya hushikana kamba moja. Kijana achomozaye kichwa mbele huku amenyanyua uso ili akione kioo, kama wafanyavyo walalao kifudifudi kitandani na simu imesimamishwa juu ya mto, huikaza ile misuli ya chini, nayo hulivuta taya nyuma na chini. Basi misuli ya mashavu na ya panja, ambayo kazi yake ni kulifunga, hukaza kulirudisha, na mvutano huo haufanyi kelele yoyote mpaka siku kiungo kitakapoanza kualika.

Mwaliko huo, ule mlio wa tak mbele ya sikio mtu apigapo miayo, huwashtua watoto na wazazi wao bure. Ndani ya kila kiungo cha taya kimo kisahani cha gegedu kinachotelezana na kichwa cha mfupa. Kikichelewa kidogo kisha kikarudi mahali pake, hualika. Watu wengi wana taya linaloalika maisha yao yote na hawajui maumivu, nao hawahitaji dawa. Kinachohitaji kuangaliwa ni maumivu ya kutafuna, uchovu wa mashavu asubuhi, na mdomo usiofunguka vizuri. Kipimo chake hakitaki chombo: kijana aliyekamilika huweza kuingiza vidole vyake vitatu, vimesimamishwa, baina ya meno ya juu na ya chini.

Meno nayo yana desturi ambayo wachache wanaijua, kwamba hayakuumbwa kukutana kutwa. Mtu akitulia, midomo hugusana, na meno huachana kwa milimita 2 hadi 4. Mtazame kijana anayecheza mchezo wa simu, na hasa anapokaribia kushindwa: msuli wa shavu lake hutuna na kutulia, ukatuna tena, kwa kuwa anauma meno pasipo kujua. Akiwa na chingamu mdomoni hali huwa mbaya zaidi. Akiwa ameshika tama, kidevu juu ya kiganja na kiwiko juu ya meza, taya husukumwa upande mmoja kwa muda wote huo. Mambo haya matatu, kuuma meno, kutafuna pasipo kula, na kulala juu ya taya, nayatia katika hesabu kabla ya mkao wa shingo, kwa sababu huugusa mfupa wenyewe.

Maumivu yenyewe husafiri. Neva kubwa ya uso, ambayo ni ya tano katika neva za kichwa, na neva tatu za juu za shingo hukutana katika kituo kimoja chini ya ubongo, na ubongo upokeapo habari kutoka hapo huweza kukosea anwani ya mtumaji. Ndiyo sababu msuli uliochoka kisogoni husikika kama maumivu ya kichwa nyuma ya jicho, na taya lililochoka husikika kama sikio. Na mtoto akasema sikio linamuuma, akanunuliwa dawa ya matone katika duka la dawa, akatiwa matone siku tano katika sikio lililo zima kabisa. Walio na maumivu ya taya aghalabu wana maumivu ya shingo pia, na hilo limethibiti. Lakini kwamba kichwa kuchomoza mbele ndiko kuharibuko taya, halijathibiti: wachunguzi wa Alberta, Kanada, waliokusanya maandiko yote ya jambo hilo mwaka 2006 waliona mengi yametungwa kwa udhaifu, na wakakataa kutoa hukumu. Mimi naafikiana nao. Asomaye kwamba simu imeharibu mataya ya kizazi kizima na adai burhani.

Tiba ya maumivu ya kawaida ni nyepesi kuliko karipio. Kijana ainue simu mpaka usawa wa kifua, viwiko vikiegemea mto, na macho ndiyo yashuke badala ya kichwa. Anunuliwe waya mrefu wa kuchajia, au ekstensheni, ili asilazimike kukaa sakafuni, jambo ambalo kwa shilingi chache hufanya kazi kuliko mawaidha. Abadili mkao kila nusu saa, kwa kuwa hata mkao ulio mzuri ukidumishwa hugeuka kuwa mbaya. Na simu ilale chumba kingine na mwenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lataka kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 ajitikise kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Waisukha na Waidakho walikuwa na yao kabla ya mwongozo huo: ngoma ya isukuti, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kuokolewa kwa haraka, huchezwa kwa mabega na shingo, na kijana aichezaye robo saa ameinyoosha misuli ile ile ambayo simu ilikuwa imeikunja. Sioni kwa nini shule ziiweke kwa mashindano ya tamasha peke yake.

Taya linalouma lipumzishwe kwa siku kadhaa. Katika nchi ya miwa hili si agizo dogo, kwani kumenya muwa kwa meno hudai mdomo uwe wazi mno na muwa uumwe kwa nguvu nyingi kwa wakati mmoja. Basi muwa ungoje, na mahindi ya kuchoma yangoje, na ugali kwa mrenda ushike nafasi yao. Kitambaa cha maji ya moto yanayovumilika kiwekwe shavuni kwa dakika 15 jioni. Kijana ajizoeze kujikumbusha: midomo pamoja, meno mbalimbali, ulimi juu. Maumivu yakipita majuma matatu aonwe na tabibu wa meno, au na mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali ya kaunti, naye atamwonyesha mazoezi ya shingo ambayo hayahitaji mtambo wowote.

Lakini yako maumivu ya shingo na taya ambayo hayana uhusiano na simu, na mzazi aliyezoea kuilaumu simu kwa kila jambo anaweza kuyachelewesha kwa hatari. Shingo iliyokakamaa pamoja na homa, maumivu makali ya kichwa na kuchukia mwanga huweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Taya linalokaza na kukataa kufunguka kwa mtoto aliyechomwa na msumari au aliyejikata kwa jembe siku zilizopita huweza kuwa pepopunda. Ganzi au udhaifu wa mkono, na maumivu ya shingo baada ya kuanguka kwenye bodaboda, hayangoji kupambazuke. Shavu lililovimba kwa jino bovu nalo halitibiwi kwa kitambaa cha moto. Mtoto mwenye moja ya dalili hizi apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.